Mama wa Kitabu

Likizo ile nilirudi nyumbani Muthara na daftari lililonipa kiburi kisicho na maana. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa nimemaliza muhula wa kwanza katika chuo cha matabibu kule Embu. Mwalimu wetu alikuwa ametukaririsha maneno manne hadi tukayaota. Chanzo ni kinacholeta ugonjwa. Dalili ni kile mgonjwa anachokihisi na kukisema. Ishara ni kile unachokiona wewe, hata yeye akinyamaza. Matarajio ni kule ugonjwa unakoelekea.

Ishara niliziona siku ya kwanza. Mama alipukuchua maharagwe akiwa amesimama. Akitoka mtoni alitua mtungi mara mbili, mkono kiunoni. Leso yake ilifuliwa kila alfajiri na kuanikwa nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuanika kitu. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Mimi niko sawa. Kunywa uji."

Elimu yangu ikagonga ukuta hapo. Kwetu kijana aliyetahiriwa hakanyagi chumba cha mama yake, sembuse kumuuliza habari za damu. Wodini niliwauliza wanawake wa watu bila kupepesa macho. Nyumbani nilizunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilipasua kuni ambazo hazikuhitajika. Nilimfokea mbwa. Mama naye nilimkasirikia, sitaficha, kwa vile alivyonyamaza, na usingizi ulinipaa.

Siku ya tano niliketi mlangoni pa jiko, nikampa mgongo mama aliyekuwa akipika ndani, nikafungua daftari. Nikamwambia nina mtihani, nahitaji mtu wa kujifanya mgonjwa.

"Mgonjwa gani?"

"Mama fulani wa kitabu. Ni wa umri wako. Mimi nauliza, wewe unajibu vile unataka."

Nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria, kisha ukatulia.

"Haya, uliza."

"Huyo mama anasikia uchungu wapi?"

"Kwa mgongo, hapa chini. Na tumbo."

"Anatoka damu?"

Nilijua atanifukuza. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuinuka.

"Anatoka," akasema. "Na ile ya mwezi iliisha kitambo."

"Tangu lini?"

"Tangu tupande maharagwe."

Maharagwe tulikuwa tumeshayavuna. Niliandika yote, na mwandiko wangu ulikuwa mbaya hata mimi sikuweza kuusoma. Nilitaka kugeuka nimtazame, lakini nikaogopa kwamba nikigeuka mgonjwa wa kitabu ataondoka na nitabaki na mama yangu, ambaye yuko sawa.

"Na huyo mama," akauliza, "anapona?"

Lilikuwa neno la nne hilo, na mwalimu alikuwa amelieleza vizuri kuliko yote. Kwa mama wa umri ule, damu ile, miezi ile, nilijua jibu. Nikasema inategemea kama ataenda hospitali haraka.

"Basi ataenda kesho, na jirani yake. Lakini daktari aahidi kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Asimwambie kijana yake. Ataacha shule."

Sikugeuka. Nikamwahidi.