Dakika Mbili Zisizo na Matusi

Mchungaji Luseno alitoa masharti manne. Sauti ya marehemu ingechezwa kanisani iwapo haitazidi dakika mbili, haina matusi, haina mtu anayeuawa na haitaji pombe. Sally, dadake marehemu, aliyaandika masharti hayo nyuma ya bahasha, kisha akampigia simu Hikma Kombo, mwanamke ambaye hakuwa amewahi kumwona.

Hikma ana miaka thelathini na tisa. Anauza chaja, spika ndogo na vifuniko vya simu katika kibanda kilicho kando ya mtaa wa Mbotela. Zamani alikuwa akikodisha sidii za filamu, na nambari yake bado imepigwa muhuri kwenye maganda ya sidii hizo. Sally aliiona kwenye ganda moja lililokuwa chini ya kitanda cha kaka yake.

"Unataka filamu gani?" Hikma alimuuliza.

"Sitaki filamu. Mimi ni dadake Dijei Ngurumo."

Hikma alikuwa ameshasikia. Habari za kifo hicho zilikuwa zikizunguka kwenye simu za watu tangu Jumatatu. Alitoa pole, akasikiliza masharti yote manne, akasema atajaribu.

Jina la marehemu kwenye kitambulisho lilikuwa Patrobas Wakoli. Kwa miaka zaidi ya ishirini alijifungia katika chumba kimoja cha nyumba yake, ghorofa ya nne mtaani Huruma, akijifunika blanketi kichwani ili kelele za nje zisiingie, na kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti za waigizaji wenyewe. Alifafanua, alitania, alimwonya shujaa kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. Kazi yake ilipelekwa kwenye vibanda vya video, ambako watoto walibanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja. Wachache sana waliwahi kuiona sura yake.

Hikma aliingia kibanda cha namna hiyo Dandora akiwa na miaka kumi na miwili. Aliamini kabisa kwamba yule mwigizaji wa Hong Kong aliyepigana kwa viti aliwahi kuishi Dandora, kwa sababu alizungumza kama watu wa huko na alijua jaa la taka liko upande gani. Hakuwa peke yake.

"Alikuwa anakaa hapo nyuma ya posho mili. Babangu alimwona," mtoto mmoja alisema siku moja.

"Babako ameona nini? Babako hata mwalimu wako hajawahi kumwona," mwenzake alimjibu.

Hikma alipokua alijua ukweli, lakini kuujua hakukubadilisha mengi. Mwigizaji wa viti alipofariki, Hikma alisoma habari hiyo kwenye simu huku akimhesabia mteja chenji. Baadaye akafa Mhindi aliyekuwa akiimba kwenye mvua, kisha Mmarekani mwenye masharubu. Kila mara alisoma, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi. Sura ilikuwa imeondoka, lakini sauti ilikuwa ileile, na mwenye sauti alikuwa mzima Huruma. Ngurumo alipokufa kwa ugonjwa wa figo akiwa na miaka hamsini na mitatu, wote walikufa Jumatatu moja.

Alingoja kulia kama mtu anavyongoja stima irudi. Haikurudi.

Hilo lilimsumbua. Babake mzazi alipofariki, alizikwa siku hiyohiyo kabla ya sala ya alasiri, kama ilivyo desturi yao. Muda wa kulia ulikuwa mfupi na kila mtu aliutumia. Hapa mwili ungelala mochari siku nane, watu wakikutana kila jioni kupanga safari ya Bungoma, naye alikuwa na muda mwingi asiojua aufanyie nini. Akawa na wazo moja tu: sauti ile ikichezwa mbele ya watu, naye akiwa katikati yao kama zamani kwenye benchi, kitu kitafunguka. Kwa hiyo alizitaka dakika mbili za mchungaji kuliko hata Sally alivyozitaka.

Alikuwa na makatoni manne. Aliyaleta kibandani, akaunganisha mashine kuukuu ya sidii, akavaa vipokea sauti.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Ngurumo hakuweza kukaa dakika moja bila kumtusi mtu. Katika filamu moja bwana anamchumbia binti wa watu, na msimulizi anaanza vizuri, kwa upole, hata Hikma akaandika namba ya sekunde. Kwenye sekunde ya arobaini baba wa binti anaingia, na Ngurumo anamlinganisha na ugali uliolala, kisha anaendelea hadi kwa mama yake. Katika nyingine kuna sala ndefu ya kuvutia, lakini anayeomba anaombea bunduki yake. Harusi zilikuwa na pombe. Watoto walikuwa na visu.

Ladan, anayeuza madera kibanda cha pili, alimwangalia siku mbili. Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia.

"Mama Zubair, wateja wanapita. Huyo mtu alikuwa mjomba wako?"

"Hapana."

"Alikuwa anakuja kukuposa?"

"Sijawahi kumwona."

"Basi una wazimu wa heshima," Ladan alisema, akaenda yeye mwenyewe kumhudumia mteja wa Hikma.

Alasiri hiyo Hikma alipata alichokuwa akitafuta. Ilikuwa filamu ya askari anayerudi nyumbani kwa miguu, akifuata reli. Kwa karibu dakika mbili askari anatembea tu na hakuna anayesema neno. Ngurumo, akiwa hana wa kumtafsiria, anaanza kujazia mwenyewe. Anasema askari huyu ana njaa. Anahesabu atakavyopikiwa akifika: kuku, mrenda, ugali wa wimbi. Anawasalimu watu wa Dandora, wa Huruma, wa Mbotela. Anawaomba waliokaa mbele wainame kidogo, wa nyuma hawaoni. Hakuna tusi hata moja, na hakuna anayekufa.

Kipande chote kilikuwa dakika moja na sekunde hamsini. Mwishoni palikuwa na sekunde tisa za fujo, ambapo mtu alikuwa akisema jambo mbali na maikrofoni, kwa lugha ambayo Hikma haijui. Kwa kuwa zilitosha ndani ya dakika mbili, hakuzikata. Alikisikiliza kipande kizima mara sita. Kilikuwa kizuri. Hakulia.

Ijumaa alikipeleka Huruma. Mama wa marehemu, Nabalayo, alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, akizungukwa na akina mama wa kanisa. Hikma alipiga magoti, akampa mkono, akasema pole mama. Kisha akaweka spika ndogo karibu naye.

Nabalayo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Ni Patrobas, mama," Sally alisema.

"Patrobas hakuwa na sauti hiyo."

"Ilikuwa ya kazi."

Mama aliinua kichwa. "Hiyo ndiyo ilikuwa inatoka kule chumbani nikija kumtembelea? Mimi nilidhani ni televisheni. Nilikuwa nasema, huyu mtoto anapenda televisheni ya kelele, na masikio yake yataharibika."

Mwanamke mmoja alicheka, akajizuia. Askari akamaliza kutembea. Zikaja zile sekunde tisa, na Nabalayo akainua mkono.

"Rudisha hapo."

Hikma alirudisha. Mama alisikiliza, akasema irudishwe tena. Baada ya mara ya tatu Sally alimweleza Hikma kinachosemwa. Ni Kibukusu. Patrobas anamwambia mama yake afunike chakula chake na yeye ale, asimngoje, kazi imebaki kidogo. Sauti ni nyembamba, ya mtu mwenye haya, na inakwama mara mbili kabla ya neno la mwisho.

"Hiyo ndiyo mtacheza," Nabalayo alisema.

"Mama, watu wanatoka hadi Dandora kuja kumsikia Ngurumo," Sally alisema. "Tutacheza sekunde tisa?"

"Ngurumo simjui. Mimi nazika mtoto wangu."

Hikma hakuwa na haki ya kusema, na alilijua hilo. Hata hivyo alisema. "Mama, sisi tulimjua kwa ile ingine."

Nabalayo alimtazama kwa mara ya kwanza, bila hasira. "Basi ile ingine mnayo tayari," alisema.

Hikma alikikata kipande palepale, akiwa amepiga magoti, mbele ya mama.

Jumanne kanisa lilijaa hadi nje. Nusu ya watu walikuwa jamaa na majirani. Nusu nyingine walikuwa wanaume na wanawake wa umri wa Hikma, wamesimama nyuma na ukutani, wengi wakiwa na nguo za kazi. Walipita mbele ya jeneza kumuaga marehemu, na wengi walirudi na sura ya watu waliofungua mlango usio wao. Ndani alikuwa amelala mzee mwembamba mwenye tai.

Mchungaji Luseno alitangaza kwamba familia imeomba waombolezaji wasikie sauti ya ndugu yao. Waliokuwa nyuma walisogea. Simu ziliinuliwa. Hikma, aliyesimama kando ya spika, alibonyeza.

Mtu asiyejulikana alimwambia mama yake kwa Kibukusu afunike chakula. Kwenye kiti cha mbele Nabalayo alilia kwa sauti, na wanawake wakamshika mabega. Nyuma hakuna aliyeshusha simu. Walikuwa wanangoja Ngurumo aanze.

"Weka basi," kijana mmoja alisema, si kwa ukali.

"Tulia, ndugu," mchungaji alisema.

Kipande cha askari kilikuwa kwenye simu ya Hikma, mstari mmoja chini ya kile alichocheza. Aliutazama. Mchungaji akafungua Biblia.

Walimpata nje baada ya ibada, jeneza likipakiwa kwenye basi la Bungoma. Wa kwanza aliomba kwa adabu, akiita dada. Hikma alimtumia. Akaja mwingine, kisha kundi, na kila aliyetumiwa aliwatumia wenzake. Walikifungua hapohapo uani, kila mmoja kwa sekunde yake, hivi kwamba askari alikuwa na njaa kwenye kona moja, amefika kwenye kuku kwenye nyingine, na karibu na lango Ngurumo alikuwa anawaomba waliokaa mbele wainame. Watu wawili watatu walicheka mahali walipokuwa wakicheka zamani. Mwanamume mmoja mwenye ovaroli alijifuta macho kwa mkono wote.

Hikma alisimama katikati yao mpaka basi likaondoka. Alisikiliza kwa makini, akingoja kile kitu kifunguke. Simu yake ilipobaki na chaji ya asilimia nne aliizima, akaingia ndani kurudisha spika ya kanisa.