Aliyeimba Sauti ya Tatu

Usiniite mwongo kabla sijamaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika nyumba ya walimu kule Mkange, na akili zangu zilikuwa timamu kabisa.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Walimu wenzangu wote walikwenda kwao. Mimi ningekwenda kwa nani? Mama yangu alishafariki, na nyumba yake ya Lugoba ilikuwa na wapangaji. Nikabaki na kinanda changu. Kilikuwa cha mtumba, plastiki tupu, nilikinunua Kariakoo spika zake zikiwa zimekufa. Kilisikika kwenye hedifoni tu. Lakini usikidharau. Kwa hicho hicho nilikuwa natunga wimbo wa kwaya, sauti zote nne. Narekodi moja, naweka nyingine juu yake. Sauti ya tatu ilinishinda siku tatu nzima.

Siku ya nne, mvua ilipokatika, nikiwa nimenyanyua vidole nifikirie, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Mwalimu, hapo unapanda mapema mno."

Nikageuka. Mama mmoja wa makamo, kanga mabegani, amesimama mlangoni. Mlango niliuacha wazi kwa ajili ya joto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo sauti ya tatu ishushe kwanza. Ingoje ya pili ipite."

Akaiimba mwenyewe, kwa sauti nzito iliyotulia, na wimbo ukakaa sawa. Niamini, nilitaka kulia. Karibu wiki mbili sikuwa nimeongea na mtu zaidi ya kusalimiana na mlinzi. Nikamkaribisha kiti, akakataa. Basi nikashusha hedifoni shingoni, mimi nikaimba ya kwanza, yeye ya tatu. Tukafika mwisho, tukarudia, tukarudia tena. Maneno hakuniuliza. Aliyajua.

Ndipo mkono wangu ukagusa ule waya wa hedifoni shingoni. Hebu fikiria! Kinanda kile hakitoi sauti nje, na maneno yale yalikuwa kwenye daftari langu, sikuwa nimeyatamka hata mara moja kabla hajaja.

"Mama, umenisikiaje?"

Akanitazama kama mgeni aliyefukuzwa.

"Kwani hukutaka kusikika?"

Akageuka, akatoka. Nikakimbilia mlangoni. Mbele ya nyumba ile kuna uwanja wa mpira, mweupe, hauna hata kichaka. Hapakuwa na mtu. Mlinzi, Mzee Shomari, alikuwa kwenye baraza ya darasa akipukuchua mahindi, uso ameuelekeza kwangu.

"Mzee, yule mama kapita wapi?"

"Mama gani? Hajapita mtu hapa tangu asubuhi." Akatupa gunzi kando. "Ila nimewasikia mkiimba wawili. Nikadhani simu."

Nilihama Mkange mwaka uliofuata. Wimbo ule kwaya yetu inauimba, na watu wanaisifu zaidi sauti ya tatu. Mimi nainamisha kichwa. Sijatunga mwingine. Kila nikikaa kwenye kinanda natazama mlangoni, nangoja, mpaka giza linaingia. Padre aliniombea niondokewe na hofu. Sikumwambia kwamba si hofu.

Basi nawe unayetunga peke yako chumbani, nisikilize. Akija mtu akakwambia kazi yako ameisikia, na unajua hakuna namna angeweza kuisikia, usimuulize. Mimi niliuliza.