Rangi ya Mkono wa Salma

Secilia alifika Malindi, hii yetu ya milima ya Lushoto, akivuta begi la magurudumu, kwenye barabara ambayo hata pikipiki huipanda kwa shida. Alilikokota hadi mgahawani kwangu, magurudumu yameziba tope, akanipa shikamoo na kuuliza kama mimi ndiye Mama Kristian mwenye chumba cha kupangisha. Nikamjibu ndimi, ila begi hilo siku nyingine alibebe kichwani kama watu. Akacheka. Nilimpenda hapo hapo, nami si mwepesi wa kupenda wageni.

Alikuwa mwanafunzi wa mambo ya lishe, chuo kimoja huko Morogoro. Mradi fulani ulikuwa umemwajiri kwa kipindi cha likizo tu, awashauri wazazi namna ya kuwalisha watoto wadogo. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza maishani. Wala hakuwa mgeni wa milima hii. Kwao ni Lushoto mjini, kalelewa na bibi yake, Msambaa kama sisi, na Kishambaa anakielewa vizuri ingawa akikijibu anakichanganya na Kiswahili cha shule. Hilo naliweka wazi mapema kwa sababu ndilo lililomtesa baadaye: hakuweza kusema kwamba hakujua.

Mwanzoni aliendelea vizuri sana. Jioni alikuwa akifanyia mazoezi hotuba zake mbele ya masufuria yangu, kisha kesho yake anawaambia kina mama kwamba malori yanateremka Dar yamejaa karoti na kabichi zetu, mayai na maziwa nayo yanakwenda, na mtoto aliyebaki nyumbani anapewa uji mweupe mwepesi. Alisema kweli. Mimi nilimtania kwamba msichana asiye na mtoto ndiye anayejua zaidi kulea, naye akawa ananijibu kwamba masufuria yangu hayajawahi kumpinga.

Mradi ulikuwa umemwagiza kila mama amwingize kwenye chumba kidogo cha zahanati, ampime mtoto huko na kuuliza maswali huko. Alifanya hivyo kila mara, isipokuwa siku moja ya kliniki ambapo ukungu ulishuka mzito, baridi ikawa kali na watoto wakaanza kulia kwa wingi. Secilia akaona bora atoke nje, awapime pale pale kwenye benchi ili kazi iende haraka. Na kweli ilienda haraka, mpaka akamfikia Hawa.

Hawa ni mke wa Idrisa, kijana anayepakia na kupakua mboga huko Dar. Idrisa hakuwa amerudi tangu baada ya Idi. Mtoto wao, Salma, alikuwa ameanza kusimama, kisha akaacha kusimama. Pembeni ya Hawa alikaa mama mkwe wake, Bi Mwajuma. Secilia akazungusha kwenye mkono wa mtoto utepe wa kupimia utapiamlo, ambao kijani ni salama, njano ni tahadhari na nyekundu ni hatari.

"Nyekundu," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Kisha akamuuliza Hawa swali alilofundishwa kumuuliza kila mama anayenyonyesha: "Una ujauzito mwingine?"

Asiyezaliwa kwetu anaweza asione ubaya wa swali hilo. Kwetu huku, mtoto anayenyonya akikonda, watu hawaangalii kwanza chungu, wanaangalia kitanda cha mama yake. Wanasema mtoto amebemendwa, yaani mama amelala na mwanamume kabla ya kumwachisha ziwa, na maziwa yameharibika. Baba akiwa nyumbani, wazee huwakaripia wote wawili na mambo yanaisha. Baba akiwa Dar, basi hapo mke ndiye anayebeba mzigo wote, na kila mtu anaanza kumtafuta huyo mwanamume.

Hawa akajibu hapana, kwa sauti ndogo. Benchi zima likamgeukia. Bi Mwajuma akaangalia chini.

Secilia aliniambia mchana ule ule kwamba alielewa papo hapo. Neno hilo la kubemenda alilisikia kwa bibi yake tangu akiwa mtoto wa kuchota maji. Angeweza kusimama na kusema kwamba swali hilo huulizwa kila mama. "Nikamwita mtoto anayefuata, mama," alisema. "Niliona haya kuonekana nimekosea mbele ya watu." Alikuwa amempa Bi Mwajuma karatasi ya kumpeleka Salma hospitali, akajifariji kwamba mtoto akitibiwa mengine yatapoa.

Hayakupoa. Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja habari ikaingia mgahawani kabla ya chai ya saa nne. Salma hakupelekwa hospitali, kwa kuwa kubemendwa kuna mizizi yake na mizizi hiyo alikuwa anapewa. Ziwa alikuwa amekatazwa. Na Hawa alikuwa amerudishwa kwao Bungu bila mwanawe, asubiri huko mpaka mumewe atakapoamua.

Secilia alikuwa anasuuza vikombe, kunisaidia tu. Akaendelea kukisuuza kikombe kimoja kile kile. Siku ile hakula. Jioni nikamkuta anapanga nguo kwenye lile begi, akidai likizo inakaribia kwisha hata hivyo, na kwamba mradi utamtuma mwingine anayejua kazi. Hasira ikanipanda.

"Wewe utaondoka na cheti chako," nikamwambia. "Salma atabaki na nini?"

Akakaa kitandani, akalia. Nilimwacha alie, maana alikuwa na cha kulilia. Baadaye akasema atakwenda kueleza kwamba utepe ulikuwa mbovu, kwamba mtoto yuko salama, na hivyo Hawa arudi. Sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: mtoto aliye salama nani atampeleka hospitali?

Asubuhi tulikwenda wote wawili, kwa sababu binti haendi kuomba radhi kwenye nyumba ya mtu mzima peke yake. Nilibeba sukari. Bi Mwajuma alitupokea vizuri, akatupa chai, akatuuliza habari za mgahawa. Salma alikuwa amelazwa kwenye kanga, kafungwa uzi mweusi kwenye mkono ule ule uliopimwa. Secilia akapiga magoti.

"Bibi, rangi ilikuwa ya kweli. Mtoto ni mgonjwa na anahitaji hospitali. Lakini lile swali namuuliza kila mama anayenyonyesha, na nilipaswa kumuuliza Hawa faraghani. Hakuna baya nililoliona kwake. Nimemkosea yeye, na wewe nimekukosea."

Akaeleza kwamba mtoto hukonda kwa chakula chepesi na kuharisha. Hakusema ni nani anayeshinda na Salma tangu alfajiri mpaka Hawa atoke kwenye mashamba ya karoti, akimpa uji mwepesi. Neno hilo lilimfika ulimini, nikaliona, akalimeza. Nadhani Bi Mwajuma naye aliliona, maana aliangalia sufuria yake muda mrefu.

"Ulilisema mbele za watu," Bi Mwajuma akasema hatimaye. "Nikiwaambia mimi, wataona namfichia mkamwana wangu. Kalifute mbele ya hao hao waliolisikia."

Saa ile kina mama walikuwa mtoni wakiosha karoti za lori. Tuliteremka. Secilia alisimama kwenye tope, viatu vyake vyeupe vikazama, akayarudia yale yale. Bi Mwajuma alisimama karibu naye na Salma mgongoni. Kina mama waliendelea kusugua karoti. Mmoja tu akauliza, "Na mimi uliniuliza?" Secilia akasema alimuuliza, kule chumbani. Yule mama akafikiri, akasema ni kweli, kisha akainamia karoti zake. Kesho yake mtu alitumwa Bungu, na Hawa akaingia wodini na mwanawe.

Salma alianza kupona polepole. Lakini maziwa ya Hawa yalikuwa yamekauka. Alipompa ziwa, mtoto aligeuza uso, na hakulishika tena. Secilia aliposikia hilo hakulia, alilala tu akiangalia ukuta, na maneno yangu yote ya kumtuliza hayakufua dafu. Sikuwa nayo mengi, maana lilikuwa kosa lake na alilijua.

Kliniki yake ya mwisho nilikwenda kumsindikiza. Hawa akatokea, kambeba Salma, Bi Mwajuma nyuma yake. Secilia akainuka haraka awaingize chumbani. Hawa akakataa kwa kichwa, akakaa kwenye benchi lile lile, katikati ya watu, akapandisha mkono wa sweta ya mtoto.

Secilia akapima. Akainama amnong'oneze sikioni.

"Siku ile ulisema kwa sauti," Hawa akamwambia.

"Njano," Secilia akasema, bado kwa sauti ya chini.

"Hawajasikia."

"Njano," akasema tena, na safari hii benchi zima lilisikia. Hawa akashusha mkono wa sweta, akamfunga mwanawe mgongoni, akaondoka bila kumuaga.