Jiwe la Babu na Glasi ya Maji

Wapendwa, mama yangu hupenda kusema kwamba aliyetoka shimoni asikae kimya, maana kuna walio bado chini wanaomsikiliza. Ndiyo maana nimesimama. Dada zetu wa Tanzania na Kenya mtanivumilia. Kiswahili changu ni cha Katanga. Nitakinyoosha niwezavyo, na pale kitakapopinda, bon, mtanifuata hivyo hivyo.

Miaka ile ya elfu mbili nilikaa Saint-Gilles, huku Ubelgiji, ghorofa ya juu kabisa, mimi na binti yangu Nsia. Nilisuka nywele kwenye saluni karibu na stesheni ya treni ya Gare du Midi. Nilikuwa mnene, mwenye afya na sauti kubwa, hata kwayani waliniita tarumbeta, nami sikukasirika. Sebuleni nilikuwa na kabati ya vioo, kama nyumba yoyote ya mtu wa Katanga. Ndani yake tembo wa malakiti, kisahani cha malakiti, na jiwe la babu.

Malakiti yetu mnaijua, lile jiwe la kijani. La babu lilikuwa kijani pia, ila lilikuwa na madoa ya manjano kama kiini cha yai. Babu mzaa mama alilichimba mwenyewe mgodini Shinkolobwe, enzi za ujana wake, akalileta nyumbani kwa uzuri wake tu. Nilipokuja Ulaya mama alilitia sandukuni mwangu. "Nkambo naye afike Bulaya," akasema. Nkambo kwetu ni babu. Basi nikalifuta vumbi kila Jumamosi, na Nsia akicheza duka alilitumia kupimia mchele.

Ugonjwa ulianzia kwenye sauti. Ilikwaruza, nikasema ni baridi ya hapa. Halafu nikimeza bukari, ugali wetu, nahisi kitu kimekaa njiani. Nsia ndiye aliyekiona. "Maman, shingo yako imemeza kitu na hakishuki." Nikagusa. Kivimbe kigumu kama punje ya haragwe.

Hospitalini walinichoma sindano, wakanyonya maji yake, wakapima. Daktari akasema, "Madame, ni kansa ya tezi ya shingo. Lakini kati ya kansa zote, hii ni mojawapo ya zile zinazosikia dawa." Mimi nilisikia neno moja tu.

Wakanipasua, kutoka hapa mpaka hapa. Niliamka na mpira shingoni unaochuruzisha damu kwenye chupa. Vidole vilinichoma kama nimekalia mkono. Nikafungua kinywa nimwite Nsia, ikatoka pumzi tupu. Nililia bila sauti. Msijaribu.

Kikabaki kidonge. Kuna aina ya iodini yenye mionzi, unaimeza, inakwenda kuunguza mabaki ya ugonjwa. Ukishaimeza wewe mwenyewe unatoa mionzi, kwa hiyo wanakufungia chumbani peke yako mpaka ipungue. Sauti ilipoanza kurudi kwa kunong'ona, nikampigia mama simu Lubumbashi. Akasema, "Mutoto yangu, hauwezi kulala mule ndani peke yako. Beba jiwe ya nkambo. Yeye njo atakulinda."

Nikamfunga nkambo kwenye kitenge, nikamtia mkobani. Nani angeacha kumsikiliza mama yake siku kama ile?

Siku ya kulazwa, fundi wa vipimo, mwanamke mrefu mwenye haraka, alipitisha karibu yangu kile chombo kinachopima mionzi. Kikalia. Akaniangalia. "Madame, umeshameza?"

"Bado."

"Umemeza wapi?"

"Nimekuambia bado."

Akakisogeza kwenye mkoba, chombo kikapiga kelele kama pikipiki. "Humu kuna nini?"

"Babu yangu," nikasema.

Yule fundi alirudi nyuma mpaka ukutani. Sasa hivi nacheka, siku ile sikucheka. Daktari akaja amevaa glavu, akafungua kitenge, akaliangalia jiwe bila kuliinua. "Hii siyo malakiti. Ni madini ya urani. Imetoka wapi?"

"Shinkolobwe. Ni kwetu."

Akavuta kiti akakaa. Akaniambia taratibu kwamba yale mabomu ya atomiki yaliyotupwa Japani, sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa huko.

Wapendwa, Shinkolobwe niliijua tangu tumboni mwa mama. Hiroshima niliijua, shuleni tulifundishwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ni habari moja. Nikauliza kama jiwe ndilo lililonipa kansa. Akasema, "Hakuna anayeweza kukuambia ndiyo, wala hapana." Nikamwona akilini Nsia na mchele wake.

Nikamwambia daktari, "Kidonge chenu sikitaki. Mionzi ililala nyumbani kwangu miaka yote, leo niimeze kwa kinywa changu?" Akanionya kwamba nikiacha, ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi unaweza kunishinda. Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi la korido, nimeamua kufa kwa akili zangu mwenyewe.

Kwenye benchi lile kulikuwa na bibi mmoja Mjapani, mdogo wa umbo, amevaa koti la kijivu. Shingoni alikuwa na kovu kama langu, lake la zamani. Madame Kiyo, mjane wa Mbelgiji, mkazi wa Uccle, amekuja kupimwa. Akaniuliza kwa Kifaransa ninalilia nini. Mimi na domo langu, nikamwambia yote: jiwe, babu, mgodi, mabomu.

Akagusa kovu lake. Kisha akasema, "Mimi ni wa Hiroshima. Nilikuwa mtoto wa shule."

Kwetu, mtu wa nyumba yako akishiriki kifo, hata bila kujua, husimami ukaongea. Unapiga magoti, unapiga makofi ya taratibu, macho chini, mpaka mfiwa akujibu. Nikafanya hivyo, pale pale korido, kovu bado bichi. Na yule bibi naye akashuka kwenye benchi, akapiga magoti mbele yangu, akainama mpaka paji likagusa sakafu. Nesi akaja mbio akidhani tumeanguka wote wawili.

"Babu yako alijua?" Madame Kiyo akauliza.

"Aliambiwa ni jiwe la kutengenezea dawa."

"Alikufaje?"

"Kikohozi. Mwisho alikuwa anatema damu kwenye kopo."

"Basi naye yumo kati ya wafu wetu. Walioamua kulitupa bomu hawajanipigia magoti. Wewe unapiga kwa niaba ya nani?"

Nikabaki nimepiga magoti.

Nesi akatuinua. Ndipo bibi akanieleza habari ya mdogo wake wa kiume. Aliungua mgongo wote, ngozi ya mikono ikaning'inia vidoleni. Aliomba maji. Watu wazima walikuwa wakisema aliyeungua ukimpa maji atakufa. Bibi alikuwa na maji kwenye birika, akayaficha nyuma yake. "Alikufa bado ananiomba," akasema. "Mimi nilimnyima maji, naye akafa. Wewe unaletewa dawa unaikataa, na mtoto unaye. Mionzi iliyoua watu kwetu na hii ya kidonge ni ndugu, najua. Mimi nilikimeza. Inuka."

Alisema bila upole wowote. Nikainuka.

Akaomba asimame mlangoni kabla sijafungiwa, wakakubali. Nilipokiweka kidonge kwenye ulimi nikashindwa kukimeza. Madame Kiyo akaingia hatua moja, akaninyooshea glasi ya maji. "Kunywa," akasema. "Kunywa yote." Nikanywa yote. Akaibeba glasi tupu kwa mikono miwili, akatoka analia.

Ndani mle mate yalikuwa na ladha ya chuma. Mashavu yalivimba, nikawa kama mtoto mwenye matumbwitumbwi. Chakula kiliachwa mlangoni kama cha mbwa mkali. Lakini nilitoka, na baadaye picha zikawa safi. Nsia alipimwa, mzima. Jiwe lilichukuliwa na watu wenye sanduku la madini ya risasi. Mama alipoelezwa alilia, nami nikambembeleza, "Maman, haukujua. Hata nkambo hakujua." Sauti ilirudi nusu. Kwayani siku hizi niko na wanaume.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari. Nanyi, guseni shingo zenu mnapomeza. Mwenye kabati ya vioo leo akaitazame vizuri: jiwe la kijani lenye manjano, usilifute, usilipe mtoto, waite wanaojua. Na ukiletewa dawa, meza.

Madame Kiyo alifariki mwaka jana, uzee tu. Amelazwa Uccle. Aliniambia kwao kaburi humiminiwa maji, wafu wasikae na kiu. Nilikwenda na Nsia na chupa mbili. Ya kwanza nilimimina kwa ajili yake. Ya pili nilimimina polepole, mpaka tone la mwisho, nikasema kwa Kiswahili, maana jina la mdogo wake sikuwahi kuliuliza: "Kunywa, mutoto. Dada yako ameleta maji."