Moshi Katika Nyumba ya Kaloleni

Mama alitaka kuuza nyumba yetu ya Kaloleni ili ajenge kwao Mwanda, lakini mfanyakazi mmoja wa reli alikuwa amehamia humo na mkewe bila ruhusa. Mimi, niliyetoka chuoni juzi, niliwaza tu jinsi mnunuzi, mzee wa Ronge mwenye pesa taslimu, atakavyokimbia.

Alipofika, yule mke alikuwa anapika, moshi umejaa. Nikaanza kujieleza. Mzee akanipita, akagonga nguzo za nyumba.

“Kijana, pumua! Nyumba isiyopikiwa ndani huliwa na mchwa. Hii nzima.” Akamgeukia yule mke: “Mtanilindia nyumba hadi nivune, ndipo nihamie?”

“Tutalinda, baba, ukituletea kuni.”

Akalipa palepale. Mama alicheka njia nzima tukirudi. Mimi niliwaza: na baada ya mavuno, wakikataa kutoka?