Wote Walirudi Salama

Siku moja kabla hatujaitwa, tulikuwa juu ya paa la tembe la Mzee Chilewa, tukiziba nyufa kwa udongo maana mvua zilikuwa karibu. Tulikuwa watatu: Daudi, mwanawe wa kwanza, ambaye mkewe alikuwa na mimba kubwa; Yona, mdogo wake, rika langu; na mimi, mtoto wa jirani. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na tangu hapo nilikula kwao. Mama yao alikuwa chini akikanda udongo kwa miguu na kututania.

"Paa hilo likivuja," alisema, "Yona ndiye atalala chini ya tundu. Nimemwona anavyopaka, kama mtu anayebembeleza ng'ombe."

Tulimwita Mama Daudi, kama ilivyo desturi, ingawa kipenzi chake alikuwa Yona na kijiji kizima kilijua.

Jioni mjumbe akapita. Vita vilikuwa vimeanza kule Kagera, na kesho yake watu wote walitakiwa ofisi ya kijiji. Majina ya mgambo yalikuwa yamefika.

Kwetu, kaya ikiitiwa kazi ya kijiji, iwe kuchimba kisima au kufyeka barabara, ndugu yeyote wa nyumba ile anaweza kwenda badala ya aliyetajwa. Unaohitajika ni mkono wa kaya. Wazee wetu walidhani vita navyo ni hivyo hivyo. Aliyesoma majina alikuwa mgeni kutoka wilayani, asiyetujua sura. Yalikuwa mawili tu kutoka kijiji chetu. La kwanza lilikuwa langu. Alipoita Daudi Chilewa, akasimama Yona. Watu wazima wote walikuwa wamekaa pale na hakuna aliyekohoa. Daudi alikuwa na mke wa kumwangalia, basi mdogo akaenda. Ilionekana ni busara.

Tulipanda treni Dodoma mpaka Mwanza, kisha meli mpaka Bukoba. Huko Yona alikuwa Daudi kwa kila mtu. Mwanzoni tulicheka. Afande akiita Daudi, yeye anaendelea kula, mpaka nimpige kiwiko. Baadaye aliacha kucheka. Aliniambia jina la mtu mwingine linawasha mwilini kama upupu. Nikamwambia avumilie, kwa sababu tukigundulika tutafungwa wote wawili, na Daudi atakamatwa kwa kukimbia vita. Hilo tulikuwa tumelielewa tukiwa tumeshachelewa.

Tulivuka mto Kagera. Sisi watu wa nchi kavu hatukuwahi kuona kijani kama kile, migomba mpaka upeo wa macho, na nyumba tupu ndani yake.

Ilikuwa asubuhi. Yona alitangulia hatua kumi hivi mbele yangu.

Bomu lilikuwa limetegwa njiani.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka migomba ikilala.

Nilimkuta pembeni mwa njia. Miguu yake sitaieleza. Koplo wetu, mtu wa Tanga, alipiga magoti akajaribu kuizuia damu kwa mkanda.

Yona alinitazama. Akasema kwa Kigogo, "Elia, niite jina langu."

Koplo hakujua Kigogo. Lakini jina angelisikia.

Nikasema, "Tulia, Daudi."

Akageuza uso. Hakunitazama tena mpaka alipokata roho.

Koplo alitoa daftari. "Huyu ni Daudi Chilewa, siyo?"

"Ndiyo, afande."

Tulimzika kwa jina hilo.

Vita vilipokwisha nilirudi kwa lori mpaka Mlali, karibu na kwetu. Mzee Chilewa alikuwa ananisubiri barabarani, peke yake. Barua ya kifo, yenye jina la Daudi, ilikuwa imemfikia, naye alikuwa ameichoma bila kumwambia mkewe, ambaye hakujua kusoma.

"Mwanangu," alisema, "ukisema Yona amekufa, kilio kitasikika mpaka wilayani, watauliza aliyezikwa kwa jina la Daudi ni nani, na Daudi mwenyewe yuko wapi. Mmoja ameshakwenda. Usiniondolee na wa pili."

Daudi alikuwa amejificha kwa wajomba zake upande wa Mpwapwa. Nilikubali. Tulipatana niseme kwamba Yona alimaliza vita mzima, akashuka kwenye treni Tabora, akapata mwanamke huko na akakataa kurudi nyumbani.

Mama Daudi alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza neno moja tu.

"Hakunitumia hata salamu?"

"Hapana, mama."

Hakukuwa na matanga. Daudi alirudi baada ya miaka michache, mambo yalipopoa, akalima, akazaa watoto saba, akawa mzee wa kanisa. Wenzetu waliokuwa ofisini siku ile walinyamaza, kisha wakafa mmoja mmoja. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imepita miaka arobaini na haijachoka.

Mwaka huu kijiji kimeamua kuandika historia yake, ili watoto waikute shuleni. Kazi ya kuandika anaifanya Mwalimu Neema, binti wa Nzuguni aliyehamishiwa kwetu, mwenye adabu na mwandiko mzuri. Mwenyekiti wa kamati ni Daudi. Juzi walituita darasani kusomewa rasimu. Ilieleza visima, ilieleza njaa, ikafika kwenye vita.

Mwalimu akasoma: "Kijiji chetu kilitoa vijana wawili, Elia na Daudi Chilewa. Wote walirudi salama."

Watu wakapiga makofi. Daudi naye alipiga, polepole, macho yake mezani. Hasira iliyonishika sijawahi kuisikia hata kule vitani. Nilisimama nikasema yote, kama nilivyoyaandika hapa.

Daudi hakubisha.

"Niliogopa," alisema. "Kila mwaka nilijiambia, mwakani nitasema."

Ningependa kuandika kwamba nilimdharau. Lakini maneno hayo hayo nimejiambia mimi kila kiangazi.

Mwalimu alikata mstari ule kwa rula. Akaandika juu yake: Yona Chilewa alikufa vitani. Kisha akaniuliza, kwa upole, bila nia mbaya yoyote, "Babu, mama yake alikuja kujua?"

Nilikaa chini. Sikumjibu pale darasani, basi naandika jibu hapa, aliweke kitabuni akitaka.

Hakujua. Alimlaani kwa miaka ishirini. Wageni walipomuuliza ana watoto wangapi, alisema mmoja, na mwingine alimsahau mama yake kwa ajili ya mwanamke wa Tabora. Alipokuwa anakufa tulikuwa chumbani Daudi na mimi. Daudi alitoka nje, mimi nikabaki nikimnywesha uji. Alinishika mkono akasema, "Yona msimpelekee habari. Sitaki aje kunizika."

Nikamfuta mdomo. Nikamwambia, "Sawa, mama. Hatutamwita."