Unga Hauendi Kimya

Sisi wanawake wa mtaa wa Kikula tunajua kupika, kuuza na kusema. Kunyamaza hatukufundishwa. Ndiyo maana sikufurahi mwenyekiti wetu aliposema twende kimya.

Tulikuwa kikundi cha wauzaji wa sokoni, Wakristo na Waislamu, na tulikuwa tumeamua kuwasaidia wake za askari waliopelekwa vitani mashariki. Mshahara wa askari hutembea polepole, na mtoto mwenye njaa hajui habari za vita. Kila mmoja alitoa alichoweza: huyu unga wa mahindi, yule mafuta, mimi makala, yaani makaa ya kupikia, maana ndiyo biashara yangu. Wa kwanza tuliyemfikiria alikuwa jirani yangu, mama wa watoto wadogo, ambaye simu ya mumewe ilikuwa haipatikani tangu mvua zilipoanza. Kila asubuhi aliijaribu akiwa amesimama juu ya tofali, eti pale mtandao ni mzuri.

"Hii haiko fête ya kucheza," mwenyekiti alituambia. "Tuvae kikwembe ya namna moja, tutembee muzuri, kimya. Tusimupe haya mbele ya majirani."

Nia yake ilikuwa njema, simlaumu. Basi, namlaumu kidogo.

Tukajipanga mstari, vitenge vya rangi moja, unga kichwani, mimi na gunia langu la makala, midomo imefungwa. Njiani watu walitupisha, na mzee mmoja akavua kofia. Hata hilo halikutufungua macho.

Jirani yangu alikuwa anafua uani. Akainua kichwa, akatuona tukiingia kwenye lupango lake, kile kiwanja cha nyumba yake. Akatazama unga. Akatazama makala. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakaa chini palepale kwenye maji ya sabuni, akapiga ukelele ambao ninausikia hadi leo.

Kwetu, wanawake wakija kwa mstari, kimya, na unga na makala, wanakuja kupikia watu wa kilio. Sote tulilijua hilo. Tumeshaingia hivyo kwenye nyumba nyingi za wafiwa. Lakini siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyejitazama kwa macho ya mwenye nyumba.

"Alikufwa fasi gani?" aliuliza. "Muniambie tu, alikufwa wapi?"

Majirani walikuwa wameshafika wakilia, na mmoja alikuwa ameanza kutoa viti nje. Mimi nikatupa gunia chini nikapiga kelele: "Mama, bwana yako iko muzima!"

Akanishika mkono.

"Nani alikuambia?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu nilikuwa nimempa kitu ambacho sikuwa nacho.

"Hakuna mutu alituambia kitu," nikasema. "Hata ya kufwa, hata ya uzima. Tulikuletea tu ya kula."

Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akakasirika, na hasira ile ilinifurahisha, maana mfiwa hana nguvu za kutukana watu. Yeye alitutukana vizuri, bila kumruka mtu. Mwisho akafunga tena kitambaa chake.

"Siku ingine, kama ni ya kula, muimbe tangu kule kwa kona. Kama ni ya kilio, mukuye kimya vile munakuya leo. Miye nitajua mwenyewe."

Tangu siku hiyo tukawa tunaimba. Tulichagua nyimbo za harusi, kwa sababu hizo hakuna anayeweza kuzidhania za kilio. Sauti yangu ni ya chura, watoto wa mtaa walinicheka, nami nikazidisha. Siku moja jirani yangu aliniambia kwamba akiona vitenge vyetu kwenye kona, anashika ukuta mpaka asikie wimbo. Baada ya hapo nilikuwa naanza kuimba hata kabla ya kona.

Mvua zilipokatika, gari la jeshi lilimrudisha mumewe. Habari ilifika sokoni asubuhi kabla sijapanga makala yangu: karudi, lakini mguu mmoja umebaki kule. Tukabeba unga, tukaenda. Kwenye kona tukasimama.

Mwenyekiti alisema tukimwimbia mtu aliyekatwa mguu nyimbo za kucheza, tutakuwa tunamkejeli. Nilisema tukiingia kimya tutakuwa tunamzika. Tukabishana kwa kunong'ona, shingo zinauma, na hakuna aliyekubali kuanza. Hata mimi, na midomo yangu yote, niliogopa.

Jirani yangu akatokea mlangoni. Akatuona: vitenge, unga, kimya. Akashika kiuno.

"Munanyamaza juu ya nini? Munataka kuniulia bwana mara ya pili?"

Akaanzisha wimbo mwenyewe. Sisi tukachelewa kuitikia, tukifuta machozi. Aliyeitikia alikuwa mumewe, kutoka ndani ya lupango, kwa sauti nzito iliyokosea kila mahali.